Honda CG125 ya zamani inagonga tak tak, fundi anasema bieli imekufa: nifungue moteri ao niangalie nini kwanza?

motari_ndosho (Goma)

Bandugu na badada mambo yenu. Naomba musaada kwa benye kujua moteri vizuri. Niko na moto (pikipiki) Honda CG125 ya zamani, ya Honda yenyewe si kopi, natumia kwa kubeba batu na mizigo kidogo toka Ndosho mpaka Birere, mara ingine mpaka Sake. Ni moto ya nguvu na haijanisumbuaka, lakini sasa kumeingia makelele yenye inanitoa usingizi.

Asubuhi nikiwasha, kiki moja tu inashika, lakini papo hapo kuko tak tak tak fasi ya juu, mbele upande wa kuume. Ikisha pata joto inapunguka lakini haiishe. Nikiwa na klienti nyuma na tunapanda, nikivuta gaza kelele inaongezeka inakuwa kavu na ya nguvu, kisha nikiachilia gaza mu mutelemuko eshapma (bomba ya moshi) inapasuka pa pa pa. Wili (mafuta ya moteri) iko ya kutosha, vidanje (kubadilisha wili) nafanya, moshi ya blue haiko, nguvu naona imepunguka kidogo tu.

Nilipeleka kwa fundi mumoja hapa muji. Aliweka sikio kidogo, akavuta gaza mara mbili, akaniambia bieli (ile fimbo yenye inashika pisto chini) imekufa na shene ya distribisio (shene ya ndani yenye inazungusha kame) imelegea, tufungue moteri yote, na nisitembee nayo tena. Pesa yenye aliomba ni ya kununua nusu ya moto ingine. Iyi moto njo inalisha nyumba, kama ni bieli kweli nitatafuta pesa, lakini sitaki kufungua moteri yote bule. Kuko namna ya kujua kelele inatoka wapi mbele ya kufungua?

himbi_125

Kaka pole sana. Weka wili nzito, tia namba 50 kabisa badala ya ile unatumiaka, kelele itapunguka sana. Batu wengi hapa banafanya vile na moto zao zinatembea. Ukiona haijaisha njo ufikirie kufungua.

fundi_kadutu (Bukavu)

Mudogo yangu, usifungue kitu na usitoe hata franga moja kwanza. Kuko jambo moja mu maneno yako limenishitua sana, na nitaanza na ilo.

CG125 ya zamani kama yako haina shene ya distribisio. Haina kabisa. Iyo moteri Honda iliitoa mwaka 1976 na waliitengeneza kwa makusudi bila shene ya ndani, juu walijua itaenda mu nchi fasi moto inabeba mizigo mizito na mwenyewe hafungue moteri kila wakati. Kame, ile yenye inaamuru supapu (vali), iko chini, pembeni ya bloki, inazungushwa na pinyoni (gia za meno), na inasukuma tije (fimbo) mbili ndefu zenye zinapanda mpaka juu ku kilbiteri, na kilbiteri njo zinafungua supapu. Sasa mutu mwenye anakuambia shene ya distribisio ya CG imelegea, ao hajue moteri iko mbele yake ni gani, ao anajua na anataka pesa yako. Vyote viwili ni vibaya. Simutukane, hapa kwetu moto nyingi za siku hizi ni TVS na Boxer na zile ziko na shene ya kweli, pengine alizoea zile. Lakini bieli yako asiiguse.

Hata mwenye hajue moteri anaweza kutofautisha kwa macho. Angalia kilasi (kichwa cha moteri, juu ya bloki) upande wa kushoto: ile ya shene iko na kifuniko cha duara fasi pinyoni ya juu inakaa, na nyuma ya bloki kuko tandeli ya kukaza shene. Ku CG hakuna kifuniko cha duara na hakuna tandeli.

Tuje ku kelele. Mimi kabla ya kushika ufunguo nauliza mwenye moto maswali, na majibu yake njo yananifundisha kuliko sikio langu. Inalia ikiwa baridi ao ikiwa ya moto? Inalia ikisimama ao ikitembea tu? Ukivuta levye ya ambreyaji (klachi) inabadilika? Weye umeshajibu nusu yake bila kujua, juu umesema iko kubwa asubuhi na inapunguka ikipata joto. Bieli haifanyaki vile. Bieli yenye imekufa inalia chini, doko doko nzito, unaisikia mpaka mu miguu, na ikipata joto inazidi juu wili inakuwa nyepesi. Haijifichi ikiwa ya moto, inajionyesha.

Kelele yenye iko kubwa wakati wa baridi na inapunguka mara nyingi ni moja kati ya hizi. Supapu zenye ziko na nafasi kubwa, ile inalia tik tik nyepesi kama mutu anagonga meza na kucha, na inaenda polepole kuliko moteri juu kame inazunguka mara moja wakati vilbreke (chuma kikubwa cha kuzunguka chini) imezunguka mbili. Pisto yenye imelegea mu bloki, ile ni sauti nzito kidogo, butu, na mara nyingi inakuja pamoja na kula wili. Ama joenti (kile cha kuziba) ya eshapma pale inapoingia ku kilasi. Na iyi ya mwisho njo inadanganya mafundi kuliko zote, juu moshi yenye inatoka pale kwa nguvu inalia tak tak kabisa sawa na chuma, tena kavu, tena inaongezeka ukivuta gaza na klienti nyuma. Ikipata joto chuma inavimba inaziba kidogo, njo maana inapunguka. Na ule mupasuko unasema pa pa pa ukiachilia gaza, ni hewa inaingia mu eshapma pale pale. Ndugu, mimi niko Bukavu na moto yako iko Goma, lakini ningeanza hapo.

Fanya hivi, kesho asubuhi moteri ikiwa baridi kabisa:

Kwanza angalia pale eshapma inaingia ku kilasi. Ukiona alama nyeusi ya masizi imezunguka pale, hewa inatoka. Gusa zile buloni mbili na ufunguo. Mawe ya volkano yenye muko nayo ku Goma inatikisa moto mpaka buloni inajifungua yenyewe. Kisha washa na upitishe karibu na pale kipande cha karatasi umekishika na pensi, si mukono, kama kinarukaruka umepata mwizi mumoja.

Pili moto ikiwa ku ralanti (inawaka polepole bila gaza) bila vitesi (gia), vuta ambreyaji. Kama kelele inabadilika ao inapotea, iko mu ambreyaji ao rulma (biringi) ya boite ya vitesi, na ile inaweza kungoja. Kama haibadilike hata kidogo, toa ambreyaji mu akili.

Tatu chukua turnevisi (bisibisi) ndefu, ncha ku moteri, mushiko ku mufupa wa mbele ya sikio. Ncha ya turnevisi weka ku kifuniko cha supapu juu, kisha ku bloki katikati, kisha chini ku karteri (nyumba ya chini ya moteri) kushoto na kuume. Usikimbie. Ukae pale kila fasi mpaka sikio lizoee. Fasi sauti iko karibu na kali utaijua bila mutu kukuambia. Angalia tu usiguse eshapma na usikaribishe nguo ku shene.

Na kwa roho yako kupumuzika kuhusu bieli: zima moteri, toa bujii (plagi), ingiza turnevisi ndefu polepole mu tundu mpaka iguse pisto, usiibane, iache isimame tu. Zungusha moteri mpaka pisto iko katikati ya njia yake, kisha shika volani (lile gurudumu la chuma pembeni ya moteri) utikise kidogo kidogo mbele na nyuma. Kama volani inatembea na pisto inangoja kwanza ndipo inafuata na kamugongo ka chini unakasikia, bieli ao aksi ya pisto imelegea. Kama vinaenda pamoja, bieli yako iko muzima na ule fundi alikukosea.

Juu ya wili nzito, naona ndugu wa Himbi amesema kwa nia nzuri lakini mimi nakataa. Nitamuachia mwingine aeleze.

manseba_ruashi (Lubumbashi)

Mbote ba yaya. Mi niko manseba (mwendesha moto wa kubeba bantu) hapa Lubumbashi na mambo ya wili nzito niliona bantu ba mingi balifwisha moteri nayo. Wili nzito haiponyeshake kintu, inafunikaka tu. Asubuhi moteri iko baridi wili ile nzito inachelewa kufika kule juu ku kilbiteri, na kwa CG kule juu njo kunakosa wili wa kwanza. Kelele inapotea mu masikio na chuma inaendelea kujikula. Tumia ile yenye livre ya moto inasema, 10W-30 ao 10W-40 (ni namba za uzito wa wili), na kama moteri imezeeka na inakula wili kidogo 20W-50 iko sawa, lakini musipite pale.

Tena kuko kintu kimoja fundi wa Kadutu hakusema. Esansi unanunuaka wapi? Juu bale ba kadhafi, benye kuuzisha esansi pembeni ya barabara, si bote, lakini kuko benye banachanganyaka na mafuta ya taa. Mafuta ya taa iko na oktani ya chini sana, ukipanda na muzigo inajiwasha mbele ya wakati na moteri inalia kling kling kling kavu, ukiachilia gaza kidogo inapotea mara moja. Kelele ile si ya chuma imelegea, ni moto mubaya mu kilasi, na ukiiacha inatoboaka pisto. Maliza esansi iko mu tanki, enda ku stasio ya kweli ujaze, upande tena ile mulima na ule muntu nyuma. Kama kling kling imeisha umejua.

Na ukifanya vidanje, wili ya zamani usimwage bule. Ipitishe mu kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Kupata kavumbi kadogo ka chuma ku sumaku moto yote ya zamani inafanyaka vile. Lakini vipande vya kushika na vidole, ama vumbi ya kungʼaa nyeupe yenye sumaku inakataa kuvuta, ile ni aluminiyo, pisto iko inajikula. Pale ata mimi nitakuambia fungua.

boxer_bagira

Samahani naingia kidogo, mimi niko na Boxer 150 na inalia krrr krrr upande wa kushoto asubuhi kisha inatulia. Ni mambo moja na ya uyu ndugu?

fundi_kadutu (Bukavu)

Hapana, yako iko na shene, na krrr ya kushoto yenye inakuja asubuhi mara nyingi ni shene imerefuka ao tandeli imechoka. Ile usingoje sana, shene ikiruka meno supapu zinagongana na pisto. Badilisha shene, pinyoni zake na tandeli pamoja, usiweke shene mupya ku pinyoni za zamani. Fungua mada yako tuzungumuze vizuri, hapa tumalize ya CG.

motari_ndosho (Goma)

Asante sana bakubwa, Mungu abariki. Nilifanya yote vile mulisema.

Ambreyaji: haibadilike hata kidogo. Bieli: nilitikisa volani pole pole, pisto inaenda pamoja nayo, kamugongo hakuna. Wili: sumaku ilitoka na vumbi kidogo tu, aluminiyo hakuna.

Eshapma: masizi nyeusi ilizunguka kabisa pale ku kilasi, na buloni moja ilikuwa inazunguka na vidole! Nilitoa eshapma, ile joenti ya shaba ya ndani imekuwa bapa na upande mumoja imekatika. Nilinunua ingine pale Birere bei ndogo kabisa, nikakaza buloni kidogo huku kidogo kule mpaka zikalingana. Mara moja ule mupasuko wa pa pa pa uliisha na ile kelele kavu ya kupanda ikaisha, hata nguvu imerudi. Nilijaza esansi ya stasio vilevile, sikusikia kling kling hata mara moja, naona shida yangu haikuwa pale lakini asante kwa kunikumbusha.

Lakini tik tik ya juu imebaki. Sasa naisikia vizuri zaidi juu ile ingine haiko kuifunika. Na turnevisi, fasi iko kali kabisa ni kifuniko cha juu, upande wa mbele. Ku bloki iko mbali, chini haiko.

fundi_kadutu (Bukavu)

Nimefurahi kweli kusikia. Sasa ile imebaki ni supapu ya eshapma ao kilbiteri yake, na kazi iyo unaweza kufanya weye mwenyewe na ufunguo mbili na kale (kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi).

Moteri iwe baridi kabisa, usiku muzima imelala. Toa bujii, fungua kifuniko cha juu. Weka vitesi ya mwisho, zungusha mupira wa nyuma mbele polepole mpaka alama ya T ku volani ilingane na alama ya karteri. Hapo shika kilbiteri zote mbili na vidole: zote mbili zitikisike. Kama moja imekazwa haitikisike, uko ku mzunguko mubaya, zungusha moteri mara moja tena mpaka T irudi. Wengi wanaruka pale na wanalejesha (wanarekebisha) supapu yenye iko wazi.

Nafasi ya CG125 ni milimita 0,08 kwa supapu zote mbili. Legeza nati, pitisha kale, kaza visi mpaka kale inapita kwa kuvutwa kidogo. Kisha shika visi isizunguke wakati unakaza nati, na pima tena, juu nati ikikaza inabadilishaka nafasi.

Na tafazali, usikaze mpaka kelele iishe kabisa. Mafundi wengi wanafanya ile ili mwenye moto afurahi, na supapu yenye haina nafasi haifungi vizuri ikipata joto, inaungua pole pole bila kelele yoyote, siku moja moto inakataa kuwaka. Supapu ya kulia kidogo inaishi, ile ya kunyamaza kabisa njo ya kuogopa.

himbi_125

Kale hapa inapatikana kwa shida. Mafundi banatumia wembe, ni sawa?

manseba_ruashi (Lubumbashi)

Wembe ya kunyolea ndevu, ile ya meno mbili, iko na 0,1 milimita. Iko kubwa kidogo kuliko 0,08 lakini haiunguze supapu, italia tu kidogo. Kama hauna kale kabisa iko bora kuliko kufanya na masikio. Lakini kale bei yake si kali, ulizia kwa bale banauzaka bintu vya ba mekanisie ba motoka.

motari_ndosho (Goma)

Nimelejesha. Supapu ya upande wa karbirateri ilikuwa sawa karibu. Ya eshapma ilikuwa na nafasi kubwa, nikaweka 0,08 na kale ya kuazima, nikapima mara mbili. Ajabu ni kwamba ya mbele inalia bado! Kidogo kuliko zamani lakini inalia, na kale inapita sawa kabisa.

fundi_kadutu (Bukavu)

Hapo sasa umefika. Toa ile kilbiteri ya eshapma uangalie uso wake pale inagusa mukia wa supapu. Pitisha ukucha polepole. Ukisikia kashimo, hata kadogo, njo shida: kale ni bapa, inakaa juu ya kashimo sawa daraja, inapima ukingo na haifike ndani, kwa hiyo unaona 0,08 na kumbe nafasi ya kweli ni kubwa. Ile hailejeshwe, inabadilishwa.

motari_ndosho (Goma)

Kashimo kako, ukucha inaingia kabisa! Ya karbirateri iko laini. Sasa ku Birere nimeona kilbiteri za aina mbili, moja bei ya chini na ingine imezidi mara tatu, na muuzaji anasema zote ni sawa. Ninunue gani? Na naweza kuendelea kufanya kazi wakati natafuta pesa?

fundi_kadutu (Bukavu)

Unaweza kufanya kazi, usibebe mizigo mizito na usivute gaza ya mwisho. Juu ya kununua, enda na ile ya zamani mukononi na upitishe faili (tupa) ndogo pembeni ya uso wa ile mupya, fasi haigusi kitu. Faili ikiteleza bila kula, chuma imepikwa vizuri. Ikikula, rudisha hata kama ni ya bei kali, itafanya kashimo kabla mwaka kuisha. Muuzaji akikataa upime, usinunue.

Mbele ya kufunga, vuta ile tije ya eshapma uizungushe ku kioo cha dirisha, ikitikisika imepinda. Angalia vilevile kama wili inafika kule juu: washa moteri kidogo ku ralanti kifuniko kikiwa wazi, kilbiteri ziloane. Zikibaki kavu, usiweke ya mupya kwanza, juu ile ya zamani ilikufa kwa kukosa wili na ingine itakufa vilevile. Hapo utafungua kifuniko cha kuume cha ambreyaji, nyuma yake kuko kichujio cha kuzunguka chenye kinakusanya uchafu ya wili, na ku moto nyingi hakijaoshwa tangu zitoke dukani. Kikiwa kimejaa tope nyeusi kigumu, kioshe na esansi, uweke joenti mupya ya kifuniko, wili mupya.

Kisha utembee nayo wiki moja, moteri ikiwa baridi upime tena 0,08, juu chuma mupya inakaliana na inabadilisha nafasi. Piga picha ya ile kilbiteri ya zamani uitie hapa, kuko wengi benye CG banasoma na hawajaonaka kashimo ka namna ile.